Hisa Chini ya Paa la Nyasi

Mimi ni mtu wa maharage magumu. Nikiyainjika, haupiti muda nimeshafunua sufuria, nimeshaonja, nimeshachochea kuni, na mwisho naipua kabla ya wakati na watu wanatafuna kimya kimya kwa kuniogopa. Ndivyo nilivyozaliwa. Kwa hiyo watu wa mjini hapa wanaponiita mwekezaji wa muda mrefu, wakaniuliza siri ya uvumilivu, huwa nacheka mpaka natafuta pa kukaa. Uvumilivu gani? Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Mume wangu alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Miaka hiyo mahindi yote ya Ufipa yalipita mlango mmoja, na mlango ule yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wake. Alivaa koti la kijivu la kazi, akapima, akaandika stakabadhi, na wakulima wakamwamkia kwa heshima hata waliomzidi umri. Kisha zikaja zama za ruksa. Malori yakaanza kupanda kutoka Tunduma na Mbeya, wanunuzi wakawa wanalipa taslimu palepale barabarani, na mtu ambaye jana mgambo walimkimbiza kwa kuwa mlanguzi, leo akaitwa mfanyabiashara na kupewa kiti cha mbele kwenye mikutano. Ushirika ukakonda. Ghala likabaki la panya na njiwa. Kiangazi kimoja wakaitwa wote, wakashukuriwa, wakapewa kiinua mgongo.

Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakaa kwenye kigoda nje, katika ule upepo wetu wa mwezi wa saba unaopenya mpaka kwenye mifupa, bado amevaa koti.

"Wamenishukuru," akasema.

Iliniuma. Nilitaka kusema neno la kumfariji, lakini mimi na maneno ya kufariji hatujuani, nikaenda kumletea uji.

Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mazwi, hapahapa Sumbawanga, kwa mama mmoja aliyefunga bomba lake la maji kwa kufuli. Alilifungua asubuhi na jioni tu, akasimama pembeni ameshika kiuno, akiangalia nani amekinga ndoo ya ngapi. Nilimwamkia shikamoo huku nimeuma meno. Lakini tulikuwa na kiwanja. Halmashauri ilitupimia mahali pembeni kidogo ya mji, jiwe kila kona, kwa sharti moja: ndani ya miaka mitatu isimame pale nyumba iliyoezekwa, la sivyo kiwanja apewe mwingine. Mwaka wa kwanza ulikuwa unakatika na hakuna kilichosimama pale ila mahindi yangu. Basi kile kiinua mgongo, kichwani mwangu, kilikuwa kimeshakuwa kuta, milango na bati. Nilitaka nyumba. Sikuwa na sala nyingine.

Mwenzangu akakaa na ile pesa benki miezi na miezi. Kila nikimuuliza, anasema anafikiri. Mpaka siku moja mwezi wa tatu, mvua zikielekea ukingoni, akarudi kutoka mkutano uliofanyika ukumbini, macho yanang'aa.

"Mama watoto, serikali inauza viwanda vyake. Mtu wa kawaida anaweza kununua kipande. Kinaitwa hisa."

"Kipande cha kiwanda utakiweka wapi?"

"Hakiwekwi. Kiwanda kinabaki hukohuko Dar es Salaam, wewe unabaki na hati. Kikipata faida unagawiwa. Na hisa yenyewe ikipanda bei, imepanda ukiwa umelala."

"Na hati inaezekwa juu ya nyumba?"

Hakukasirika. Yeye alikulia kijijini, kwenye mashamba ya ntumba, na kila jambo la dunia alilielewa kupitia huko. Mimi ni Mfipa pia, lakini mama yangu alinizalia mjini, akanilelea chini ya meza ya sokoni. Akanieleza kama anayemweleza mgeni. Mvua zikikaribia kuisha, Mfipa anakwatua majani, anayakusanya, anayafukia chini ya tuta. Hiyo ndiyo ntumba. Mpita njia anaona matuta tu, anadhani ni makaburi ya mbuzi. Kiangazi chote yale majani yanaoza humo ndani. Mvua zikirudi, matuta yanafumuliwa, udongo unatandazwa, ulezi unapandwa, na hakuna mbolea ya duka inayoufikia udongo ule.

"Hisa ni ntumba," akasema. "Unafukia, unaondoka. Mstahimilivu hula mbivu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. "Kiwanja kina tarehe."

Tulibishana siku nyingi, na majirani walifaidi. Mwisho tukagawana: nusu ya pesa iende kwenye hisa zake, nusu nipewe mimi nikazungushe mahindi, na nyumba itajengwa na atakayetangulia kupata. Zile hisa nazo akazigawa mara mbili, nusu kwa jina lake, nusu kwa jina langu, nadhani kwa kunifunga mdomo. Benki ndiyo iliyokuwa ikipokea maombi ya wanunuzi. Nikasaini kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, na bwana wa benki, mtu mpole wa Kaskazini, akanipa nyingine.

Kisha nikaenda Laela.

Laela niliijua kama jiko langu. Mavuno yakianza, wakulima wanashusha magunia barabarani, wengine wana mgonjwa, wengine wana harusi, wote wanataka pesa leo. Unanunua asubuhi. Malori yanafika mchana. Jioni umeuza, na kesho unanunua mengi zaidi. Shilingi yangu haikulala. Kanuni yangu ilikuwa hiyo moja tu: mahindi yasilale kwangu. Nililala kwenye magunia, nikagombana na wapagazi, nikawatukana wanunuzi waliotaka lumbesa, yale magunia ya kujazwa mpaka yanafungwa kofia ya nyasi juu, wakati bei ni ya gunia la kawaida. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nimechimba msingi wa nyumba na kuujaza mawe, na matofali ya kuchoma yamepangwa pale kiwanjani.

Nilimtania mume wangu bila huruma. "Vipi, ntumba yako imeota uyoga?"

Yeye kila asubuhi alivaa lile koti la ghala, akalifunga vifungo vyote, akaenda kwenye duka la vitabu karibu na stendi kusoma bei ya hisa gazetini. Gazeti lenyewe lilikuja na basi, na lilifika kwetu limeshachakaa kwa mikono ya Mbeya na Tunduma.

"Hiyo ni bei ya juma lililopita," nilimwambia. "Ya leo unaijua?"

"Aliyefukia haulizi ya leo."

Lakini niliona jambo. Alikuwa amepata pa kwenda asubuhi. Alirudi na habari, akasimulia, akala vizuri. Wastaafu wengine nao wakawa wanamngoja dukani pale, wamsikie anasemaje, maana wengi walinunua kwa kumfuata yeye. Nikaanza kunyamaza, na kwangu kunyamaza si kazi ndogo.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zikanyesha. Hapo ndipo Wafipa tulipofanya jambo ambalo yule bwana wa benki nadhani analisimulia kwao mpaka leo. Juma lilelile, wazee wote walionunua hisa wakaingia benki na matope miguuni, mume wangu mbele yao, wakasema wanauza.

Bwana wa benki akashtuka. "Wazee wangu, kuna habari gani mmesikia?"

"Mvua zimenyesha," wakamwambia.

"Mvua na hisa wapi na wapi?"

"Ntumba ikishapata mvua haiachwi. Ukiiacha magugu yanaila, na jasho lako limepotea."

Maskini, aliwasihi. Aliwaambia hisa haiozi, haioti magugu, iacheni miaka mitano, miaka kumi. Mzee mmoja akamjibu kwamba miaka kumi ni mingi, aliyefukia naye atakuwa amefukiwa. Wakacheka wote, wakasaini, wakaenda mashambani. Ndivyo mume wangu alivyonisimulia, naye alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo kwa wakati wake. Kwake yeye, kutoka mwezi wa tatu mpaka wa kumi na moja ulikuwa ndio huo muda mrefu wenyewe. Hakuna Mfipa anayefukia majani kwa miaka kumi.

Zangu hazikuuzwa. Zilihitaji mkono wangu mwenyewe, na juma lile nilikuwa Laela namalizia magunia ya mwisho. Msinisifu. Sikuwa na busara yoyote, nilikuwa nagombana na dereva wa lori juu ya gunia lililochanika.

Pesa yake ilichelewa, maana ilibidi ipitie kwa dalali Dar es Salaam. Ilipofika, Krismasi imekwisha. Faida ilikuwepo, si kubwa, ya kununulia mbuzi. Akaniletea yote mezani, mtaji na faida, akanisogezea.

"Ntumba ikifumuliwa inapandwa hapohapo," akasema. "Chukua. Panda kwenye mahindi."

Nilifurahi mno. Nikamwambia sasa amekuwa mtu.

Mvua zilipokatika tukajenga. Kuta zikapanda, tofali za kuchoma juu ya udongo wa kukanda, kwa sababu saruji ilikuwa ya wakubwa. Kufikia mavuno kuta zilikuwa zimefika mwisho, madirisha yamekaa wazi, na kilichobaki ni mbao na bati. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: msimu huu wa mahindi unanunua paa, na mwaka wa tatu wa halmashauri unaisha tukiwa ndani.

Nikarudi Laela nikiwa na pesa kuliko wakati wowote maishani mwangu. Nilinunua kila kilichoshushwa. Na kwa kuwa bei ilikuwa inapanda kila siku ya soko, nikaingiwa na tamaa, nikakodi ghala, nikayaweka ndani nikisema juma moja tu. Nikaongeza la pili. Kanuni yangu mwenyewe nikaikanyaga kwa miguu yangu. Siku moja redio ikatangaza kwamba mahindi yasivuke mpaka kwenda nje ya nchi. Malori hayakuja kesho yake. Hayakuja juma lile. Waliokuwa na akili wakauza kwa hasara wakarudi kwao, mimi nikasema bei itarudi, nikangoja. Maisha yangu yote sikuwahi kungoja kitu, na mara yangu ya kwanza kungoja nikangoja mahindi ambayo sikuyatia dawa. Dumuzi, yule mdudu wa ghalani ambaye watu wanamwita skania, akaingia. Nilipokwenda kuyatazama, niliinua gunia moja na unga ukamwagika miguuni, mwepesi, wa manjano. La pili vilevile. Nilikaa chini nikalia mbele ya wapagazi wote niliokuwa nawatukana, na hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Nilirudi Sumbawanga kwa basi bila hata mfuko mkononi. Njia nzima nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari. Mume wangu akanitazama, akaniuliza nimekula, akaniwekea ugali wa ulezi na samaki mgebuka wa kukaanga. Bora angenigombeza.

Mwezi wa kumi mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwani. Kila nilipoyaona nilikwenda kiwanjani kuzitazama kuta. Kuta zilizoshikwa kwa udongo, tena zisizo na paa, zikipigwa na mvua zetu, kufikia Krismasi zinaporomoka, na mwisho wa mwaka halmashauri inachukua kiwanja na kifusi chake. Mama mwenye nyumba naye hakukosa la kusema. "Naona pale kwenu bado panangoja," akaniambia bombani, huku ananifungulia kufuli taratibu. Nilikinga ndoo yangu nikaondoka.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, hisa zilizo kwa jina langu. Na zilikuwa zimepanda sana, karibu maradufu ya bei waliyouzia wazee. Habari hiyo ilizunguka mji mzima. Wale wazee wakawa hawapiti barabara ya benki. Mume wangu aliacha kwenda duka la vitabu. Asubuhi anavaa koti, anafunga vifungo vyote, halafu anakaa kwenye kigoda nje. Nilimwona hivyo majuma mengi, nikakumbuka siku ile aliyoshukuriwa, nikaona kwamba hata siku ile alikuwa na nafuu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa hati sandukuni. "Twende ukauze," akasema. "Paa hilo hapo."

Tulikwenda asubuhi, wawili. Bwana wa benki akatukaribisha viti, akaniwekea karatasi ya kuuzia mbele yangu na kalamu juu yake. Kwa haki yake alinieleza. Ukiuza leo utapata pesa ya paa lako lote. Usipouza, hii bado inapanda, na gawio liko njiani, ila hilo ni dogo, halinunui bati. Uamuzi ni wako, mama.

Nilikwisha kuamua. Nilishika kalamu. Mimi si mtu wa kufikiri nikiwa na kalamu mkononi. Ndipo mume wangu akasema na yule bwana, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea uzito wa mizani.

"Auze tu. Mimi ndiye niliyempoteza. Mambo ya hisa hayakuwa ya watu kama sisi. Ghala nilifungiwa, hisa niliuza mapema, pesa nikampa ikapotea, na yeye bado anachota maji kwa mtu. Nilikosea tangu mwanzo. Auze yaishe."

Nilimgeukia. Alikuwa anaangalia magoti yake. Mkono mmoja ulikuwa unafungua na kufunga kifungo cha chini cha koti.

Nitasema wazi nilivyohisi, maana sijui kuzunguka. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi, na nilimkasirikia kuliko siku aliponunua hisa. Niliona nyumba yangu imeezekwa, bati linang'aa, na mtu huyu anaingia chini yake kila siku akiwa amekosea kila kitu. Angekula humo akiwa amekosea. Angezeeka humo akiwa amekosea. Zile hisa zangu zilikuwa ndio jambo pekee alilowahi kulipatia tangu walipomfungia ghala, na mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Nikaiweka chini.

"Siuzi."

Bwana wa benki akatabasamu. "Umefanya uamuzi wa busara, mama. Huo ndio uwekezaji."

Nikamwambia busara yake aiweke akiba, nikakunja hati yangu, nikasimama. Mume wangu akanifuata mpaka nje akiwa kama mtu aliyeamshwa.

"Na mvua?" akaniuliza.

"Tutaezeka nyasi."

"Mjini?"

"Mjini. Kwani nyasi inaogopa mji?"

Nyasi nzuri za karibu zilikuwa zimeshachomwa moto, tukazifuata mbali, njia ya kushukia Muze, kwenye ukingo wa bonde. Tulimpata Msukuma mmoja aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akatukodisha mkokoteni, akatutania siku nzima kwamba Wafipa wamesoma mpaka wamerudi kulala kwenye nyasi. Nilimjibu yake, akacheka, na mwisho akatusaidia kufunga mizigo. Mji mzima ulituona tukiingia na ule mkokoteni. Watu walisimama milangoni. Wanangu waliona aibu wakapitia njia ya nyuma.

Mume wangu ndiye aliyeezeka. Fito alizikata mwenyewe, kamba za magome akazisokota mwenyewe, na mimi nilikuwa chini nikimrushia mafungu na kumwambia afanye haraka. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile alichofukuzwa kazi alinijibu kwa ukali.

"Mama, huku juu ni kwangu. Rusha, nyamaza."

Nikarusha, nikanyamaza. Alikuwa amevua koti.

Mvua ilinyesha kabla hatujamaliza kibaraza, lakini kuta zilikuwa zimeshafunikwa. Bwana Ardhi wa halmashauri alikuja mwezi wa kumi na mbili, akazunguka nyumba, akainua kichwa, akakuna kidevu. Alisema hajawahi kuona kitu hiki kwenye kiwanja kilichopimwa. Nikamwambia sharti linasema iezekwe, na imeezekwa. Akamtazama mume wangu, wakasalimiana kwa Kifipa, wakaulizana habari za vijiji vyao, na mwisho akatuandikia muda wa kuweka bati. Tukahama kwa yule mama siku hiyohiyo, vyombo vingine bado vina maji.

Tulikaa chini ya nyasi masika mawili. Asiwadanganye mtu kwamba ilikuwa raha. Ilivuja. Vumbi la nyasi lilidondokea kwenye mboga, na wadudu nao. Hati nilikuwa nimeiweka ndani ya debe lenye kifuniko, kwenye kona pekee isiyovuja, na mara nyingi mvua ikipiga nililifungua lile debe, nikaitazama, nikapiga hesabu ya bati, nikawa nimeshavaa viatu vya kwenda mjini. Halafu mume wangu anaingia ametoka duka la vitabu. Alikuwa ameanza kwenda tena.

"Zako zimepanda," ananiambia, anapangusa maji usoni.

"Zetu," namwambia. Navua viatu.

Bati lilikuja baadaye, chumba kimoja kimoja, kwa mahindi yangu ya kununua asubuhi na kuuza jioni. Hayo sijayaacha, wala sitaki kusikia mtu akiyasema vibaya. Mpaka leo mahindi hayalali kwangu. Na zile hisa zipo. Zimepanda, zimeshuka, zimepanda tena mbali sana, na gawio lake linanunua mbolea na dawa zetu za uzee. Wale wazee wenzake wengi wameshazikwa. Wachache waliobaki wakimwona mume wangu wanamwita mwalimu wa hisa, naye anaitika.

Wageni wakija, hasa vijana wanaotaka kujua mambo haya, anawakalisha sebuleni na kuwaeleza tofauti ya kununua leo ukauza kesho, na kununua ukaacha. Anaeleza vizuri, kwa utulivu, na kila mara anafika palepale.

"Mke wangu huyu alitaka kuuza," anasema. "Ameshashika kalamu, pale benki. Nikamwambia, mama watoto, usithubutu."

Anasema hivyo bila uongo wowote usoni. Ndivyo anavyokumbuka. Mgeni ananigeukia mimi, aone nitasema nini, na watu wanaonijua wanajua kwamba sijawahi kuacha neno la mtu lipite.

"Kweli kabisa," nasema. "Alinikataza." Kisha namwongezea mgeni chai.